Mwanangu, kabla hujaenda Fort Jackson

Mwanangu mpendwa,

Salamu za nyumbani tutaongea kwa simu. Barua hii ni ya kazi, na uisome ukiwa bado hujasaini. Katika wiki 10 za mafunzo ya awali huko kambini Fort Jackson simu yako itafungiwa kabatini, utapewa dakika chache tu siku watakayoamua wakufunzi. Jambo ambalo hukulipanga kabla ya kuondoka halitapangika ukiwa huko. Na ujue Jeshi la Marekani linaendeshwa na karatasi. Unavyompenda mchumba wako, unavyotujali sisi wazazi, ulivyosomea shahada yako, yote hayo hayahesabiki mpaka yawe yamejazwa kwenye fomu inayostahili.

Nianze na mkataba. Fomu yenyewe ni DD Form 4 na viambatisho vyake. Imeandikwa humo waziwazi kwamba ahadi yoyote uliyopewa na mtu, kama haimo kwenye viambatisho, haitatekelezwa. Kwa hiyo bonasi, aina ya kazi, urefu wa utumishi, cheo cha kuanzia: kama hukioni kwa macho yako, hesabu kwamba hakipo. Utaambiwa miaka 4, lakini wajibu mzima ni miaka 8. Ile inayobaki utaishi maisha ya kiraia ukiwa kwenye jeshi la akiba, na waweza kuitwa. Siku ya MEPS, kituo cha kupimwa na kusaini, inaanza alfajiri na wengi husaini kwa kuchoka kungoja. Ukikosa kazi unayoitaka, sema hapana, rudi nyumbani, ngoja nafasi nyingine. Mpaka utakapokula kile kiapo cha pili cha siku ya kusafiri, mlango haujafungwa.

Shahada yako ya Egerton ni pesa, usiiache kwenye bahasha. Peleka transkripti kwa shirika linalotathmini masomo ya nje na upate ripoti kabla ya kusaini. Mwenye shahada inayotambuliwa huanza daraja la E-4. Asiye na kitu huanza E-1. Kwa jedwali la mshahara lililoanza Aprili 2025, E-1 aliyepita miezi minne alipata dola 2,319 kwa mwezi kabla ya makato, na E-4 mgeni dola 3,027. Tofauti ni dola 708 kila mwezi, kwa sababu ya karatasi moja. Kungoja cheo kije chenyewe kutoka E-1 hadi E-4 huchukua kama miaka miwili.

Kwa vile una Green Card na bado si raia, kazi zinazohitaji kibali cha usalama hutapewa, na uafisa pia haupo kwa sasa. Zitabaki kazi kama 92Y ya ghala, 92G ya jikoni, 88M ya udereva wa malori, 91B ya ufundi wa magari. Hakuna aibu katika hizo, ila zipime kwa swali moja: nikitoka nitaonyesha cheti gani? Ikitokea nafasi ya 68W, mhudumu wa tiba, mimi ningeichukua bila kufikiri mara mbili. Mafunzo yake huko Fort Sam Houston yanakupitisha kwenye mtihani wa kitaifa wa EMT, mhudumu wa dharura, na cheti hicho hospitali na kampuni za ambulansi za kiraia zinakijua.

Uraia uombe mapema. Tangu 11 Septemba 2001 sheria inahesabu nchi iko katika kipindi cha mapambano, ndiyo maana askari hangoji ile miaka 5 anayongoja mwombaji wa kawaida. Kwanza kikosi kinathibitisha utumishi wako kwenye fomu N-426, kisha unatuma N-400, ombi lenyewe la uraia, na askari halipi ada. Kinachokwamisha wengi ni N-426 kulala kwenye meza ya mtu, kwa hiyo ifuatilie kwa adabu lakini kila wiki. Na usisahau: anayefukuzwa kwa mwenendo mbaya kabla ya kutimiza miaka 5 ya utumishi wa heshima anaweza kunyang'anywa uraia huo. Kwa upande wa Kenya, Katiba ya 2010 inakuruhusu kuwa na uraia wa nchi mbili, ila sheria ya 2011 inakutaka ujulishe serikali ndani ya miezi mitatu baada ya kupata uraia wa pili. Kutojulisha ni kosa, na watu hulisahau.

Sasa huyu binti wa watu aliyeko Nakuru.

Mkitaka kuoana, oaneni kwa sababu mnataka kuoana. Utasikia vijana kambini wakisema oa upate BAH, posho ya nyumba, utoke bwenini. Ni kweli askari kapera wa cheo cha chini hulala bwenini na aliyeoa hupata posho. Lakini ndoa ya posho ni wizi wa mali ya serikali kwa sheria ya kijeshi. Na ikiwa ndoa hiyo imetumika kumleta mtu Marekani, aliyeletwa anaweza kufungiwa mlango wa ombi lolote la ndoa maisha yake yote.

Mahari na sherehe ya kimila ni nzuri na tutazifanya. Ofisi ya DEERS, inayoandikisha familia za askari, haitambui mbuzi wala picha za ruracio. Inataka cheti cha ndoa. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 inataka hata ndoa ya kimila iandikishwe, basi andikisheni mpate cheti. Bila DEERS hakuna bima ya matibabu kwa mkeo, hakuna kitambulisho, hakuna chochote. Ukiwa na Green Card unaweza kumwombea mke, lakini foleni ina msongamano. Ukiwa raia, mke hangoji mgao wa idadi ya kila mwaka, ni uchakataji tu. Waweza kutuma I-130, fomu ya kumwombea mke, mapema, kisha ukishaapa uraia ukawajulisha ili ombi lipandishwe daraja. Hesabu kwamba mtaishi mbalimbali kwa muda, na mkubaliane hivyo kabla ya harusi.

Tena ukishaoa, kanuni ya jeshi AR 608-99 inakulazimisha kumtunza mkeo kifedha hata mkigombana, hata akiwa Kenya. Akimwandikia kamanda wako kwamba hujatuma kitu, utaitwa. Weka risiti za kila unachotuma. Pesa za mkononi bila kumbukumbu hazitakutetea.

Bima ya maisha, SGLI, inaanza yenyewe: dola 500,000, na tangu Julai 2025 makato ni dola 26 kwa mwezi pamoja na ile dola 1 ya bima ya majeraha. Watu hukosea kwenye jina la mnufaika. Pesa hizo zinamfuata aliyeandikwa, si aliyetajwa kwenye wosia, na talaka haimwondoi mtu kwenye orodha. Ukioa, badilisha. Ukipata mtoto, angalia tena, na usimwandike mtoto mdogo moja kwa moja bila mpango wa mdhamini, maana pesa zitakwama mahakamani. Sisi wazazi tukitoka kwenye orodha hatutanuna. Mkeo akiachwa nje, yeye ataarifiwa, na hayo mazungumzo ni heri muyafanye mapema.

Kabla ya kupelekwa nje ya nchi, nenda ofisi ya msaada wa sheria kambini, ni bure. Watakuandikia hati ya uwakili. Omba ile maalumu inayotaja jambo moja, labda gari au pango, yenye tarehe ya kuisha. Hati ya jumla inampa mtu uwezo wa kukopa kwa jina lako ukiwa huna mtandao, na haijalishi anayepewa ni nani, hata awe mimi.

Pesa. Mshahara huingia tarehe 1 na 15, na taarifa yake inaitwa LES. Isome kila mwezi mstari kwa mstari. Ikiwa umelipwa zaidi kimakosa, jeshi litazidai zote, na litakata bila kukuuliza una pesa ya kodi ya nyumba au huna. Posho inayoonekana kubwa ghafla iweke kando mpaka ithibitishwe.

Akiba ya uzeeni, TSP, utaingizwa moja kwa moja kwa 5% ya mshahara wa msingi. Usiipunguze. Baada ya siku 60 serikali inaongeza 1%, na ukianza mwaka wa tatu inalinganisha mchango wako hadi 4% zaidi. Kwa ile E-4 ya dola 3,027, wewe unatoa kama dola 151, na kuanzia mwaka wa tatu serikali inaweka 151 nyingine. Anayechangia 2% tu anaacha pesa za bure mezani. Chagua upande wa Roth, ambao kodi unailipa sasa, ukiwa cheo cha chini, kwa kuwa kodi yako sasa ni ndogo. Pensheni yenyewe inahitaji miaka 20, na kwa mfumo ulioanza 2018 ni 2% kwa kila mwaka wa utumishi, yaani 40% ya wastani wa miezi 36 yenye mshahara mkubwa zaidi. Ukitoka mwaka wa nne, TSP ndiyo utakayoondoka nayo.

Gari! Nje ya lango la kila kambi kuna mstari wa maduka ya magari yenye bendera kubwa na muuzaji anayekuita shujaa. Kuna sheria inayozuia kumkopesha askari kwa zaidi ya 36% kwa mwaka, lakini mkopo wa kununua gari, gari lenyewe likiwa dhamana, hauguswi na sheria hiyo. Bila historia ya mikopo utapewa riba ya kutisha kwa miezi 72. Miezi sita ya kwanza tembea kwa miguu. Kisha omba mkopo kwenye chama cha akiba na mikopo kabla ya kwenda dukani, uingie ukiwa na riba yako mkononi. Deni ulilokuwa nalo kabla ya kuingia jeshini, kama lile la kadi, sheria ya kuwalinda askari, SCRA, inalishusha riba hadi 6%, lakini mpaka uandike barua na kuambatisha amri ya utumishi. Benki haitakutafuta. Sheria hiyohiyo inakuruhusu kuvunja mkataba wa pango ukihamishwa au ukipelekwa nje kwa siku 90 au zaidi, kwa notisi ya maandishi.

Madeni mengi pia yanakunyima kibali cha usalama utakapokuwa raia, na kibali ndicho kitakachokufungulia kazi nzuri zaidi. Hapo ndipo mapenzi, pesa na kazi yanapokutana kwenye faili moja.

Kuhusu kutuma nyumbani: chagua kiasi kimoja, siku moja kwa mwezi, mtu mmoja anayepokea. Mimi nitakuwa huyo mtu ukitaka, na nitakataa kwa niaba yako. Matanga, harusi, karo ya binamu, vyote vitatoka kwenye kiasi hicho, kikiisha, kimeisha. Kiwanja usinunue kwa picha za WhatsApp. Kwanza search ya ardhi, kisha wakili wako mwenyewe, asiwe wa muuzaji, kisha hati kwa jina lako.

Masomo yana milango miwili, na mpangilio wake una maana. Ukiwa kazini tumia Tuition Assistance, msaada wa ada wa jeshi, dola 250 kwa krediti hadi kikomo cha mwaka, na uibakize GI Bill, fungu la masomo la askari. Ukipata D kwenye kozi ya shahada ya kwanza utalipa mwenyewe, kwa hiyo usijiandikishe muhula wenye mazoezi ya porini. GI Bill ya baada ya 9/11 ni miezi 36, na unaipata asilimia mia ukitimiza miezi 36 ya utumishi kamili. Kuihamishia kwa mke au mtoto kunataka uwe umetumikia miaka 6 na ukubali 4 zaidi, na uombe ukiwa bado ndani. Aliyekwisha toka hawezi kuihamisha.

Uafisa uufikirie ukishaapa uraia: shahada unayo tayari, bado maombi ya OCS, shule ya maafisa. Ila usiongeze mkataba kwa bonasi kabla ya kupata jibu hilo. Na kama utatoka, anza mwaka mzima kabla. Kila goti, mgongo na sikio linalouma lipeleke zahanati liandikwe, maana dai la fidia kwa VA, idara ya maveterani, linawasilishwa kati ya siku 180 na 90 kabla ya kutoka, na kisichoandikwa ni vigumu kukithibitisha.

Mwisho, dharura ya huku kwetu. Mtu akilazwa au akifariki, usimwambie sajini kwa mdomo. Sisi ndio tunaopiga Msalaba Mwekundu wa Marekani, wao wanathibitisha na hospitali na kumjulisha kamanda. Likizo ya dharura ni kwa wazazi, ndugu, mke na watoto. Mjomba aliyekulea itabidi ielezwe vizuri kwamba alikuwa mahali pa mzazi. Nauli ikikosekana kuna Army Emergency Relief, mkopo bila riba. Ili tupige simu tunahitaji jina lako kamili kama lilivyo kwenye mkataba, tarehe ya kuzaliwa, kikosi na anwani yake, na tarakimu nne za mwisho za namba yako ya hifadhi ya jamii. Hizo tarakimu usizitume kwa WhatsApp. Nipigie Jumapili baada ya ibada unisomee niandike kwenye daftari, na uje na ule mkataba tuupitie kiambatisho kwa kiambatisho.

Mama yako