Barua ya kufunga muhula: simu, meseji na maandishi ya watoto wetu

Ndugu wazazi na walezi,

Salaam nyingi. Muhula umefika mwisho salama. Ripoti ya mtoto wako imo ndani ya bahasha hii pamoja na tarehe ya kufungua shule. Isomeni naye, mtie saini, airudishe siku ya kwanza. Safari hii madaftari ya insha nayo yanakuja nyumbani, na nitaeleza mbele kwa nini.

Sasa niingie kwenye lile lililotawala kikao chetu kilichopita. Wengi mlisema simu zimewaharibia watoto lugha, na baadhi yenu mlitaka shule itoe adhabu kwa kila "xaxa" na "cjui" itakayoonekana kwenye daftari. Mzazi mmoja alitusomea meseji ya binti yake: "cjui ka ntawah wa2 weng xana" (yaani, "sijui kama nitawahi, watu wengi sana"). Ukumbi ukacheka, kisha ukanung'unika. Nimelijadili suala hili na walimu wa lugha, na msimamo wetu unatofautiana na wa wengi wenu. Vifupisho havitutishi. Yapo yanayotutisha, nayo hayakutajwa kabisa siku ile.

Utazameni ujumbe ule taratibu. Herufi "c" imekaa mahali pa "si" ya kukanusha. Tarakimu "2", ikitamkwa kwa Kiingereza, imekaa mahali pa silabi "tu". Binti amelikata neno "watu" penye silabi hasa, akaazima sauti ya lugha ya pili na kuipachika bila kukosea. Mtoto ambaye hajazimudu silabi hauwezi mchezo huo. Beverly Plester na Clare Wood wa Chuo Kikuu cha Coventry, Uingereza, wakiwa na mwenzao mmoja waliwachunguza watoto wa miaka 10 hadi 12, na matokeo waliyoyachapisha mwaka 2009 yalionyesha kwamba waliotumia vifupisho kwa wingi ndio walioelekea kusoma maneno vizuri zaidi. Sisemi vifupisho ndivyo vilivyowafundisha, kwa maana mambo mawili kwenda pamoja hakuthibitishi kwamba moja limelizaa lingine. Lakini anayedai kwamba "xaxa" inaifuta "sasa" kichwani mwa mtoto, hapo hapati msaada.

Tena tuseme ukweli, watoto hawa hawakuvianzisha wao. Meseji ya kwanza ilitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, na kikomo cha herufi 160 kilikuwa kimekwisha kupangwa tangu miaka ya 1980. Sisi tuliopitia simu za vitufe tunakumbuka: ili upate "s" ulibonyeza kitufe cha 7 mara 4, lakini "x" uliipata kwenye kitufe cha 9 kwa kubonyeza mara 2 tu. "Si" nzima ilikula mibonyezo 7, "c" ikatosheka na 3. Ukipitisha herufi 160, unalipia meseji ya pili. Tulikuwa na sababu zetu. Mtoto wa leo mwenye kioo cha kugusa hana hata moja kati ya hizo; anaandika hivyo kwa kuwa ndivyo rika lake linavyoandika.

Na mpaka kati ya meseji na uandishi wa shule wanaujua. Mwaka 2008 Kituo cha Utafiti cha Pew cha Marekani kilichapisha majibu ya vijana wa miaka 12 hadi 17 walioulizwa juu ya uandishi wao. Asilimia 64 walikiri kwamba mtindo wa meseji umewahi kupenya kwenye kazi zao za shule, na asilimia 38 kwamba wamewahi kutumia vifupisho kama LOL. Lakini asilimia 60 walisema kwamba meseji na mawasiliano ya aina hiyo hawayahesabu kuwa ni kuandika. Mimi hiyo asilimia 60 ndiyo inayonikosesha raha. Ikiwa jambo wanalolifanya kutwa nzima wao wenyewe hawalihesabu kuwa ni kuandika, basi wanaandika saa ngapi?

Nije kwenye karatasi za mtihani. Kwenye insha za madarasa ya juu vifupisho vilikuwa vya kuhesabika. Mwalimu anakizungushia duara, mtoto anakirekebisha papo hapo, yamekwisha. Kilichojirudia karatasi baada ya karatasi ni sentensi za namna hii: "Alikuja akachukua kile kitu akampa yule mwingine wakaondoka." Alikuja nani? Kitu gani? Yule mwingine ni yupi? Kwenye kuchati hilo halina madhara. Mwenzako anauliza "nani?", unamjibu kwa neno moja, mazungumzo yanaendelea. Msomaji wa insha hana pa kuulizia. Ni lazima mwandishi amwazie kabla, ajue msomaji huyo hakuwepo, hamjui shangazi, hajawahi kuiona hiyo nyumba. Kazi hiyo ya kumwazia mtu asiyekuwepo ndiyo ngumu kuliko zote katika uandishi, na kuchati hakumdai mtoto aifanye hata mara moja.

Nukta nayo imepotea, na si kwa uvivu. Kwenye simu kitufe cha kutuma ndicho nukta. Wazo moja, tuma. Wazo la pili, tuma. Hakuna haja ya "ingawa", wala "licha ya", wala "kwa kuwa". Basi ukimpa mtoto huyo ukurasa mtupu, anayamwaga mawazo yake kama yalivyo, au anayaunganisha yote kwa "alafu". (Ndiyo, "alafu", bila h.)

Kosa la h ni la zamani kuliko simu yoyote, silisingizii teknolojia. Ila simu haisaidii kulitibu. Andika "mgonjwa ana homa" huku ukimaanisha hana, na hakuna kikagua tahajia kitakachokushtua, kwa sababu "ana" ni neno halali sawasawa na "hana". Baya zaidi, simu nyingi majumbani mwetu kibodi yake imewekwa kwa Kiingereza, kwa hiyo kila neno sahihi la Kiswahili linapigiwa mstari mwekundu. Mtoto anazoea kuupuuza ule mstari, na siku anapokosea kweli haumwambii kitu. Kwenye simu nyingi kibodi ya Kiswahili unaipata kwenye mipangilio. Ni kazi ya dakika chache, nami nawaomba mwifanye leo.

Siku hizi wengine hata meseji hawaandiki tena, wanatuma sauti. Nikiwalinganisha hao na binti wa "wa2", namchagua binti.

Kuhusu kusoma, mwaka 2018 watafiti walikusanya tafiti 54 zenye washiriki zaidi ya 170,000, wakalinganisha usomaji wa karatasi na wa skrini. Kwa maandishi ya maarifa, waliosoma kwenye karatasi walielewa zaidi, hasa walipowekewa muda. Kwa hadithi, tofauti haikuonekana. Maana yake kwetu ni kwamba mtoto akisoma hadithi kwenye simu, mwacheni asome. Lakini sura ya sayansi au historia anayoiandalia mtihani, aisome kwenye kitabu, simu ikiwa chumba kingine.

Halafu kuna programu za akili bandia. Muhula huu walimu walipokea insha kadhaa za nyumbani zilizonyooka mno. Mwalimu alipomwita mwandishi wa mojawapo na kumuuliza maana ya "mustakabali", neno lililokuwa kwenye aya yake ya kwanza, mtoto alitazama dari. Hatukumwadhibu. Tulimpa karatasi na kalamu, akaandika upya palepale ofisini, na insha yake halisi, pamoja na makosa yake, ilikuwa na habari ya babu yake na redio mbovu ambayo hakuna programu ingeweza kuibuni. Kuanzia muhula ujao rasimu ya kila insha itaandikwa darasani kwa mkono. Nyumbani mtoto atapeleka kazi ya kuisafisha rasimu hiyo tu. Imla pia inarudi kwa madarasa yote. Na walimu wa lugha wameandaa zoezi ambalo watoto watapewa mazungumzo ya kundi la kuchati, kisha wayageuze kuwa taarifa inayoeleweka kwa mtu ambaye hayumo kwenye kundi hilo.

Mlioomba simu zipigwe marufuku kabisa: darasani tayari haziruhusiwi, na kanuni hiyo inabaki. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2023 ilieleza kwamba nchi zilizokuwa zimezuia simujanja shuleni kwa sheria au sera hazikufika robo ya nchi zote, kwa hiyo sisi si walegevu. Lakini saa nyingi za simu ziko kwenu, jioni na likizo, na huko kanuni yangu haifiki.

Ndiyo maana madaftari yamekuja nyumbani. Likizo hii kila mtoto achague kazi moja anayoijua vizuri, kuosha baiskeli, kusuka nywele, yoyote ile, aandike namna ya kuifanya, ukurasa mmoja kwa mkono. Kisha mpeni mtu mwingine asome na kuifanya kazi hiyo kwa kufuata maandishi peke yake, mtoto akiwa pembeni amefunga mdomo. Akishindwa kwenye mstari wa tatu, mtoto ataona mwenyewe alichokisahau, naye atauandika mstari huo upya bila kufokewa. Msimsahihishie tahajia; hiyo ni kazi yetu. Na tafadhali msimcheke mbele ya wageni kwa "xaxa" zake. Mtoto anayechekwa huacha kuandika, akahamia kwenye sauti.

Daftari likabidhiwe kwa mwalimu wa darasa siku ya kufungua, likiwa na ukurasa wa kwanza pamoja na ule ulioandikwa upya, wala usichanwe hata mmoja. Maktaba itakuwa wazi asubuhi katika wiki ya kwanza ya likizo. Mtoto aje na kadi yake, na vitabu vya muhula huu virudishwe kabla ya kuazima vingine.

Wenu katika malezi,

Mwalimu Mkuu