Kuku wa Krismasi na neno mateso

Mhariri,

Kwa wiki kadhaa sasa simu yangu inapokea mahubiri ya sauti yanayorushwa kutoka kundi hadi kundi. Mhubiri, kwa lafudhi yake ni mtu wa bara, analia kwamba Wakristo wa Zanzibar tunaishi kama Danieli katika tundu la simba, na kwamba anayemtii Mungu kweli huku visiwani hana budi kutengana na jirani zake. Mimi ni mmoja wa hao anaowalilia, na hakuniuliza.

Nimezaliwa Mbweni. Bibi yake bibi yangu alikuwa miongoni mwa watoto waliotolewa kwenye majahazi ya watumwa, akalelewa na misheni ya Kianglikana na kusoma skuli ya wasichana ya Bi Caroline Thackeray, hapa hapa Mbweni. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa 1873, na Krismasi ya mwaka huo huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa pale pale. Basi mtu akiuona msalaba wangu kwenye daladala akaniuliza nimekuja lini Unguja, humwomba aniambie kwanza wazee wake walikuja lini. Huwa tunacheka. Mara moja tu hatukucheka.

Sisemi mateso hayapo. Mei 2012 makanisa yalichomwa moto. Siku ya Krismasi mwaka huo Padri Ambrose Mkenda alipigwa risasi, akapona. Tarehe 17 Februari 2013, Jumapili asubuhi, Padri Evarist Mushi alipigwa risasi akienda kusalisha Misa, na yeye hakupona. Lakini mhubiri wetu anairuka Novemba 2012, Sheikh Fadhil Soraga, katibu wa Mufti, alipomwagiwa tindikali akiwa kwenye mazoezi yake ya asubuhi. Hofu ya miezi ile haikuwa yetu peke yetu.

Wakati ule nilikuwa nimepanga chumba Ng'ambo, upande wa pili wa mji wetu wa Unguja. Usiku mmoja wa Mei hiyo ya 2012, moshi wa matairi umetanda, jirani yangu aligonga mlango wa uani. "Shoga, lete watoto walale kwangu. Wewe ukitaka kubaki na Biblia yako, baki." Nilikwenda, na Biblia nikaichukua.

Tumehama sote wawili, ila kila Krismasi yeye na wanawe huja kula kwangu. Kuku wa siku hiyo humpa mwanawe mkubwa amchinje, ili tule sinia moja. Mwalimu mmoja wa dini aliyepita kanisani kwetu alipolisikia hilo alinikemea kwamba nimeinamia dini nyingine. Nikamfungulia barua ya kwanza kwa Wakorintho, sura ya 8 na ya 10. Paulo aliulizwa habari za nyama kabla yetu. Aliwaambia kinachouzwa sokoni wale bila kuuliza-uliza, na huyo huyo alisema kama chakula chake kinamkwaza ndugu yake, yeye yuko radhi asile nyama kabisa. Mwalimu hakuridhika. Tukumbuke kwamba 2013 hiyo hiyo, kule Geita, ugomvi wa nani achinje ulifika hadi mtu kuuawa. Imani yangu haikai kwenye shingo ya kuku.

Mtume Petro, aliyewaandikia watu waliokuwa wakiteswa kweli, aliweka onyo ambalo sijalisikia kwenye mahubiri yale: mtu wa kwenu asiteswe kama mwuaji, au mwivi, au mtenda mabaya, au mwenye kujishughulisha na mambo ya watu wengine. Ni 1 Petro 4:15. Hilo la mwisho ndilo letu. Ukielekeza spika msikitini saa ya adhana, kisha ukazomewa, hujateswa. Ukila mkate barabarani mchana wa Ramadhani ili uonekane, huo si ushuhuda. Hata hivyo, watu kukamatwa na polisi kwa kula mchana, kama ilivyotokea Ramadhani ya 2024, nako kunaniudhi. Mimi hujizuia kwa heshima, na heshima ukiitia pingu si heshima tena.

Yapo ya kudai. Waumini wenzetu wa kitongoji kimoja waliomba kibali cha kujenga chumba cha ibada. Faili lao likazunguka ofisini, leo saini haipo, kesho ramani ina kasoro, mpaka mzee aliyelianzisha akafariki. Hilo ni la kusemwa kwa sheha, mahakamani na gazetini. Katiba ya Muungano na Katiba ya Zanzibar ya 1984, zote mbili katika kifungu cha 19, zinampa mtu uhuru wa dini yake. Paulo naye, walipomfunga tayari kwa mijeledi, alimuuliza akida kama ni halali kumpiga Mrumi kabla hajahukumiwa, na baadaye akakata rufaa kwa Kaisari. Sijasikia mtu akisema alipungukiwa na imani.

Na mpaka wangu upo. Nikiambiwa nisimfundishe mjukuu wangu Baba Yetu, au niukane ubatizo wangu, nitasema kama mitume walivyoliambia baraza: imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu. Wao walichapwa kwa neno hilo, wakatoka wakifurahi, wakaendelea kufundisha kila siku. Hawakumnyanyulia mtu mkono.

Kiswahili kimetupa neno moja, shahidi, kwa anayesimama mahakamani na kwa anayeuawa kwa ajili ya dini yake, na Waislamu na Wakristo tunalitumia sote. Kila tarehe 3 Juni, tunapowakumbuka mashahidi wa Uganda waliouawa na Kabaka Mwanga, huwaambia watoto wa skuli ya Jumapili kwamba miaka kama kumi kabla yao Kabaka Mutesa aliwaua Waislamu waliokataa kusali nyuma yake na kula nyama iliyochinjwa na asiye Mwislamu. Watu walikufa kwa hilo. Mimi nishindwe kumpa jirani yangu kisu?

Mhubiri huyo akitaka kutuombea, tunapokea. Aje Mbweni kwanza. Akija mwezi wa Ramadhani afike baada ya magharibi, kwa sababu sahani ya futari kutoka kwa shoga yangu huja imejaa, nami peke yangu siimalizi.

Msomaji wako,
Mbweni, Unguja