Usijifungie, somo yangu

Wete, Pemba
Mwezi 12 Shaabani

Somo yangu,

Assalaam alaykum. Sauti uliyonitumia usiku wa kuamkia Jumatatu nimeisikiliza mara tatu. Ya kwanza nilikuwa kitandani. Ya pili nilitoka uani ili Bi Mkubwa asisikie. Ya tatu nilimsikilizisha yeye mwenyewe. Usinikasirikie kwa hilo, utaelewa ukisoma mbele.

Umesema umechoka. Umesema mwezi wa Ramadhani ukiandama tu unaacha, utajifungia chumbani kwako Mwanakwerekwe siku saba peke yako, na siku utakayofungua mlango pombe itakuwa imekwisha. Nilifurahi, wallahi, machozi yalinitoka. Kisha khofu ikaniingia, na nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika ninapotaka kufika. Kuacha, acha. Lakini usiache kwa kujifungia. Mie nilijifungia, na nilikaribia kutolewa mle chumbani kwa jeneza.

Unakumbuka tulivyoanza Nungwi. Vijana wa jikoni, zamu inakwisha saa sita usiku, na vilivyobaki kwenye chupa za wageni vyetu. Siku zile tulikunywa huku tunacheka. Niliporudi Wete msimu wa karafuu nilikuwa sinywi tena ili nilewe, nakunywa ili mkono utulie. Hilo huhitaji kuelezwa. Asubuhi nilipiga mafunda matatu ya gongo nyuma ya banda, nikatafuna karafuu mbichi na punje za hiliki kuua harufu, ndipo nikapanda mkarafuu. Matawi yake unayajua yanavyokatika upesi, na mie niko juu na kilevi kichwani. Wenzangu walishuka na pishi kumi, mie nne, na pesa ya hizo nne haikufika nyumbani. Jioni tukikaa kuchambua makonyo, nilichagua upande ambao upepo haupeleki pumzi yangu kwa mama. Chupa niliificha ndani ya gunia la makonyo makavu, nikaamini hakuna ajuaye.

Kila Shaabani niliapa. Na kila mwaka niliacha kweli mwezi mzima, Idi pili nikarudi. Hapo ndipo nilipodanganyika, maana mtu anayeweza kukaa siku 30 hajioni mgonjwa. Mwaka ule wa mwisho mwili ulikuwa umeshashikwa na mie sina habari. Usiku wa kuandama mwezi nikanywa funda la mwisho, nikatia komeo kwa ndani, nikamwambia mama nina homa.

Siku ya kwanza ilikuwa jasho, kutapika na moyo kwenda mbio. Usiku wa pili nikaanguka. Mama alisikia kichwa changu kikigonga mlango, akamwita jirani, wakavunja. Kifafa, nami sijapata kuwa na kifafa maishani mwangu. Siku ya tatu nikaona sisimizi wanatoka ukutani, maelfu, wananipanda mikononi, nikawa nawapangusa mpaka ngozi ikachubuka. Nyumbani wakasema nimechezewa. Kombe likaandikwa, ubani ukafukizwa. Siwalaumu. Wameona mtu anazungumza na ukuta mchana wa Ramadhani, wafikiri nini?

Hospitali daktari aliuliza, “Anakunywa pombe?” Shangazi akamjibu pale pale, “Huyu? Hanywi, kasoma chuoni huyu.” Daktari akaanza kuandika mambo ya malaria. Mama akamshika mkono wa koti. Akasema kwa sauti ndogo, na haya ameniambia muuguzi aliyekuwapo, maana mie sikuwa na akili: “Anakunywa. Chupa moja kwa siku, na tangu Mfungo Sita ni chupa na nusu. Ya mwisho ni usiku wa kuandama mwezi. Kila asubuhi nafukua gunia nahesabu.”

Miaka miwili, somo. Miaka miwili nilikuwa naficha na yeye anahesabu, kila mmoja akimsitiri mwenzake. Sisi tumelelewa kwamba stara ni jambo kubwa, na ni kubwa kweli. Lakini kama mama angesitiri na siku ile, ningetibiwa malaria mpaka nife.

Nilipozindukana daktari alinieleza, na nakueleza kama nilivyofahamu. Pombe huupoza ubongo. Ukiinywa kila siku kwa miaka, ubongo hujikaza kushindana nayo. Siku unapoiondoa ghafla kule kupoza kunaondoka, kujikaza kunabaki, mwili mzima unawaka. Kifafa huja zaidi ndani ya siku 2 za mwanzo. Kuweweseka na kuona vitu huja kwenye siku ya 2 mpaka ya 4, na hapo mtu anaweza kufa. Dawa yake ipo. Huanzishwa diazepamu kwa kipimo, ikapunguzwa siku hadi siku chini ya macho ya daktari, pamoja na vitamini B1, kwa sababu mnywaji huishiwa nayo, na kuikosa kunaharibu kumbukumbu na mwendo. Tafadhali usiende kujinunulia diazepamu dukani. Ikikutana na pombe mwilini inaweza kukuzima pumzi.

Hapa kwetu arosto, yaani mwili kuugua kwa kukosa kilevi, tunayoijua ni ya mateja wa unga, na ni mateso, nimeiona kwa macho yangu. Lakini mtu mwenye nguvu zake kwa kawaida huivuka akiwa hai. Ya pombe huua, na hakuna anayetwambia, kwa sababu majumbani mwetu pombe inahesabiwa kuwa haipo. Hilo linaniuma mpaka leo. Na habari ya saumu usiifanye kisingizio cha kuikimbia hospitali: mgonjwa ana ruhusa, siku zake atalipa, aya iko Suratul Baqara na wewe uliihifadhi kabla yangu.

Kutoka wodini nilikwenda Unguja, soba hausi, nyumba wanamokaa waraibu wanaoacha, miezi minne. Niliingia na kiburi. Wengi mle walikuwa wa unga, mie nikajiona bora kwao. Kikao cha asubuhi kila mtu anajitaja na kusema ni mraibu, na kwa wiki mbili nilisema jina nikanyamaza. Siku moja kijana mmoja akasimulia alivyouza doti za kanga za mama yake, moja moja kutoka sandukuni, na jinsi alivyokuwa akizikunja vizuri zilizobaki ili sanduku lionekane limejaa. Nikatazama sakafu. Mie niliuza cherehani. Siku ile ndiyo nilisema.

Utaratibu wao umetoka Marekani. Mwaka 1935, katika mji wa Akron, Bill Wilson, mtu aliyekuwa na miezi kama mitano tu tangu aache pombe, biashara ilimharibikia akiwa safarini, na hotelini alipofikia kulikuwa na baa. Hakuingia. Alipiga simu huku na huku kutafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye, akampata daktari mmoja, Bob Smith. Hakumpa mawaidha, mawaidha yule daktari alishayasikia maisha yake yote. Alimweleza yaliyomkuta yeye. Daktari yule alirudia pombe mara moja tu baada ya hapo, akaacha Juni mwaka huo huo, na hakunywa tena mpaka alipofariki 1950. Nilipohadithiwa kisa hiki nilijua kwa nini masheikhe wote walionishika mkono sikuwasikia, na yule muuza kanga nikamsikia.

Kwa hiyo nakuandikia kwa ajili yangu pia. Sauti yako ilinikuta nimetoka kulipwa pesa ya karafuu, na siku ya malipo bado ni nzito kwangu. Sijapona kama anavyopona mtu aliyekatwa kidole. Baada ya mazishi ya ami yangu niliirudia pombe, siku tisa. Ya kumi nilimwambia mama mwenyewe, akavaa buibui akanipeleka hospitali. Sasa nina miezi 19. Wenzangu wa soba wanasema “leo tu”, nami nasema hivyo kila baada ya sala ya alfajiri.

Ijumaa napanda boti Mkoani. Nikishuka Malindi nakuja kwako moja kwa moja, na Jumatatu tunakwenda Kidongo Chekundu pamoja. Najua utasema ile ni hospitali ya wendawazimu, tutaonekana. Watuone. Kabla sijafika usiache ghafla wala usiongeze. Kula, hata uji. Ukianguka, ukitetemeka kupita kawaida yako, au ukaona kisichokuwapo, usinisubiri, uende hospitali usiku huo huo. Na dada yako mwambie leo. Unaamini hajui. Mwulize.

Mama anakusalimu. Alipomaliza kuisikiliza sauti yako alikaa kimya kitambo, kisha akauliza kama chumba chako kina komeo kwa ndani. Nikamwambia sijui. Akasema, “Mwambie aling'oe.”

Somo yako