Hatupendi mpira, tunapenda Dar

Mhariri,

Ripoti yenu ya fainali ya Kombe la Shirikisho kati ya Yanga na Azam, pale uwanja wa Amaan hapa Unguja, naamini hamjaisahau, maana mliipa ukurasa mzima na picha tatu, mkaifunga kwa kusema kwamba usiku ule Wazanzibari wamethibitisha wanavyoupenda mpira. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi na sijawahi kuwaandikia. Hata mlipompa mfungaji wa timu yetu jina la nduguye, ambaye kazi yake ni kuuza pweza, nilinyamaza. Safari hii nikinyamaza nitapasuka.

Mechi niliiangalia, sikatai. Dakika 120 bila bao, halafu matuta, yaani penalti, Yanga 6, Azam 5. Uwanja ulijaa na taa ziliwaka vizuri. Lakini hebu tuulizane: ile fainali ilikuwa yetu? Awali ilipangwa ichezwe Babati, ikahamishiwa kwetu. Timu zote mbili ni za Dar es Salaam, mmoja wa Jangwani, mwengine wa Chamazi. Wamekuja, wamepigiana matuta, wameondoka na kombe lao. Sisi tumebaki na maganda ya njugu. Hapo kilichothibitika ni kwamba tunaipenda Dar. Mpira ni jambo jengine, na ngoja niwaambie ulikuwa wapi siku ile.

Jumapili hiyohiyo ya tarehe 2 Juni 2024, saa kumi alasiri, timu ya vijana ya mtaani kwetu ilikuwa na mechi. Mimi ndiye mweka hazina, cheo ambacho maana yake ni kwamba nikikosa fedha natoa zangu. Asubuhi nilinunua chokaa nikachora mistari mwenyewe, na umri wangu ni miaka 61. Mke wangu alikuwa keshashona upya namba nne iliyobanduka, kwa uzi wa zambarau kwa sababu mweupe ulimwishia. Wachezaji tulioandikisha ni kumi na sita. Waliokuja ni wanane. Nahodha simu yake imezimwa. Wenzetu walikuwa tisa, na mmoja wao alikuja na jezi ya kijani na njano ya Yanga ndani ya jezi ya timu, ili filimbi ya mwisho ikilia asipoteze muda. Refa alifika, Mungu ambariki, lakini aliitazama saa kuliko alivyoutazama mpira, na kipindi cha pili alikikata kwenye dakika ya thelathini na kitu. Nilipomuuliza akanambia, "Mzee, foleni." Watazamaji nikiwahesabu ni saba, na wawili kati yao walikuwa wakisubiri daladala. Mpira ukatumbukia mtaroni. Tunayo mipira miwili, na wa pili unavuja, kwa hiyo ukitumbukia lazima ufuatwe. Nani ataufuata? Wachezaji hawatoshi hata kujaza nafasi zao. Basi nikakunja suruali nikashuka mimi, kwenye maji ambayo sitaki kuyaeleza gazetini, na nilipopanda nao mkononi wale wawili wa daladala wakanipigia makofi. Ndiyo shangwe pekee iliyosikika kiwanjani siku hiyo.

Bao moja tulipata. Kalifunga kijana wa miaka kumi na tano, kwa mguu wa kushoto, kutoka mbali, na golikipa wao hata hakujitupa. Njumu alizovaa ni za kuazima, zinampwaya, kwa hiyo alizijaza karatasi mbele ya vidole. Baada ya mechi nilizichukua nikazianike, nikaivuta ile karatasi, nikaikunjua. Lilikuwa gazeti lenu, Mhariri, ukurasa wa michezo. Juu picha kubwa ya mazoezi ya timu moja ya Kariakoo, chini mahojiano na kocha wa timu nyengine ya Kariakoo, na pembeni kabisa, pale vidole vilipopachanika, mistari minne kuhusu Ligi Kuu ya Zanzibar.

Usinambie kwamba timu zetu hazina maana ndiyo sababu watu hawaji. KMKM imechukua ubingwa wa Muungano, wa Bara na Visiwani pamoja, mwaka 1984. Malindi imeuchukua 1989. Kama mnaona hiyo ni habari ya wazee, Januari 2024 Mlandege imemfunga Simba 1-0 katika fainali ya Kombe la Mapinduzi, hapohapo Amaan, na lilikuwa la pili mfululizo, maana mwaka 2023 walimfunga Singida Big Stars 2-1. Sasa mnajua nini kilitokea usiku ule? Jirani yangu, mtu aliyezaliwa Mlandege, akatahiriwa Mlandege, akaolea Mlandege, alirudi nyumbani na jezi nyekundu akakataa kula. Mkewe akaja kwetu kuuliza kama kuna msiba. Timu ya mtaa wake imebeba kombe mbele ya macho yake, na yeye amelala na njaa kwa huzuni ya Simba wa Msimbazi! Nilidhani ni wazimu wake peke yake, kumbe asubuhi barazani, kahawa ilipokuja, walionuna walikuwa wengi kuliko waliocheka, na sote tunaokaa pale ni watu wa Mjini.

Na hawa hawa ndio waliopiga kelele mwaka 2017. Machi CAF, shirikisho la mpira la Afrika, ilitupatia uanachama, Julai ikatuvua, tukasema tumedharauliwa, tumeonewa. Tulionewa, ndiyo, nami nilikasirika. Lakini laiti wale wakubwa wa CAF wangekuja siku yoyote ya ligi wakahesabu vichwa kwenye majukwaa.

Kuna na jengine, madhali nimeshaanza. Uwanja ule tangu mwaka 1970 unaitwa Amaan, jina zuri, la kwetu, mtoto wa chuoni analijua maana yake. Umekarabatiwa, umefunguliwa tena Disemba 2023, tunashukuru, na ghafla umekuwa New Amaan Complex. Nani ameomba? Makondakta wa daladala bado wanaita "Amaan, Amaan," na hakuna abiria hata mmoja aliyepotea. Na hiyo amani yenyewe siku ya fainali haikuwepo, kwa sababu matuta yalipomalizika zilianza pikipiki, honi mfululizo, bomba zimetolewa kizibo, mbele ya nyumba ambayo kuna mama wa watu anakaa eda, mpaka saa nane za usiku. Kwa timu ya Dar. Mabingwa wenyewe wakati huo wamo hotelini wamelala.

Sitaki kulaumu bila ya kutoa rai. Fainali za wageni ziendelee kuja, na hela zinazoingia siku hizo ziingie. Ila anayetaka tiketi ya fainali ya timu za Dar aonyeshe kwanza vishina vitatu vya tiketi za mechi za hapa kwetu. Kishina cha uwanja wa Gombani, Pemba, kihesabiwe viwili, kwa ajili ya boti na kwa ajili ya kutapika. Wanaokaa jukwaa la heshima walete vitano, na dereva asitumwe kwenda kuvikusanya. Kwa mechi za vijana, za Juvenile na Junior, ambako hakuna tiketi, mweka hazina wa timu atatia saini nyuma ya risiti ya chokaa. Mimi saini yangu ipo na kalamu ninayo.

Nanyi pia mhusike. Jumapili ijayo saa kumi tunacheza tena. Mleteni mwandishi wenu, yule aliyeona mapenzi yetu ya mpira. Kiti tunacho kimoja, cha plastiki, mguu mmoja una ufa, akae kwa upande wa kulia. Aje na viatu vya kuvua haraka, maana mtaro bado uko palepale na mimi goti linaniuma tangu siku ile.

Mweka hazina,
Timu yenye mipira miwili, mmoja unavuja,
Jang'ombe, Unguja