Barua ya wazi kwa Kamishna wa Kazi kuhusu malipo ya likizo yanayobaki kwa mwajiri

Ndugu Kamishna,

YAH: MALIPO YA LIKIZO KWA WALIOTOKA KAZINI

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, imelisema jambo hili waziwazi. Kifungu cha 31 kinatoa likizo ya siku 28 mfululizo kwa kila mzunguko wa miezi 12, na kifungu cha 44 kinamtaka mwajiri alipe likizo ambayo haikuchukuliwa pale ajira inapokoma. Hata hivyo walinzi, walimu wa shule binafsi, wahudumu wa hoteli na vibarua wa viwandani wanaendelea kutoka getini na mshahara wa mwezi wa mwisho peke yake. Tunakuandikia wewe kwa kuwa sehemu kubwa ya hasara hii ingezuilika katika ofisi zako, kabla shauri halijafika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA.

Linalotuuma zaidi ni siku. Tangazo la Serikali Na. 64 la mwaka 2007 linaweka muda wa kufungua shauri Tume: siku 30 kwa anayepinga kuachishwa kazi isivyo halali, na siku 60 kwa madai mengine, likizo ikiwemo. Mwajiri akisema "njoo mwisho wa mwezi" mara mbili, siku 60 zimekwisha. Mtu anakwenda ofisi ya kazi, anapewa barua ya wito, anaipeleka, anaambiwa bosi amesafiri, anarudi. Muda wote huo siku za Tume zinahesabiwa. Akishachelewa inambidi aombe kuongezewa muda kwa Fomu Na. 2, aeleze amechelewa siku ngapi na sababu ya kila kipindi. Kusema tu kwamba alikuwa kwenye mazungumzo na mwajiri ni sababu dhaifu. Tunaomba ofisa kazi anayepokea dai la likizo aandike juu ya jalada tarehe ambayo siku ya 60 inaangukia, na amtajie mlalamikaji tarehe hiyo papo hapo.

Hesabu nayo ina kosa linalojirudia. Kwa mzunguko ambao haujakamilika, sheria inatoa mshahara wa msingi wa siku moja kwa kila siku 13 za kazi. Siku 28 ni wiki nne, na kwa anayefanya kazi siku sita kwa wiki hizo ni siku 24 za kazi. Siku 312 za kazi za mwaka mzima zikigawanywa kwa 13 zinatoa 24 hizo hizo. Kwa hiyo kinacholipwa ni siku ya kazi, na lazima ilipwe kwa bei ya siku ya kazi. Jedwali la Kwanza la sheria linaelekeza mshahara wa mwezi ugawanywe kwa 4.333 kupata wa wiki, kisha kwa idadi ya siku za kazi katika wiki. Mshahara wa msingi wa Sh 520,000 unatoa takriban Sh 20,000 kwa siku. Aliyefanya kazi siku 130 tangu mzunguko wake wa mwisho uishe ana siku 10, yaani Sh 200,000. Mhasibu anayegawa mshahara kwa 30 anapata Sh 17,333 kwa siku, anazidisha kwa hizo 10, na mfanyakazi anapunjwa zaidi ya Sh 26,000 bila hata kujua swali la kuuliza.

Kuna mtego mwingine ndani ya kifungu hicho hicho cha 31. Likizo inatakiwa itolewe ndani ya miezi sita baada ya mzunguko kuisha, au miezi 12 kwa ridhaa ya mfanyakazi pale kazi inapolazimu. Ikipita hapo, mwajiri hudai kwamba haki ya kulipwa imekufa. Lakini anayepanga tarehe ya likizo kisheria ni mwajiri! Mfanyakazi mwenye nakala ya barua ya kuomba likizo, iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, ana la kujibu. Asiye nayo anabaki na neno lake tu.

Kwenye Fomu Na. 1, ya kufungulia shauri Tume, wengi huandika "stahiki zangu" wakaishia hapo. Mwamuzi hatoi kisichoombwa: lazima iandikwe likizo ya mwaka gani, siku ngapi, shilingi ngapi. Sehemu B ya fomu hiyo ni ya wanaopinga kuachishwa kazi tu. Nakala ya fomu ipelekwe kwanza kwa mwajiri na uthibitisho wa kuipokea uambatanishwe, la sivyo shauri linakwama siku ya kwanza.

Kifungu cha 96 kinamlazimu mwajiri kutunza kumbukumbu za ajira na malipo kwa miaka mitano baada ya mtu kuondoka. Maofisa wako wana mamlaka ya kuingia na kuzikagua, na kifungu cha 46 cha Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya mwaka 2004, kinawaruhusu kutoa amri ya utekelezaji, yaani ya kumtaka mwajiri atii sheria. Tunaomba kila ukaguzi udai karatasi moja kwa kila mfanyakazi: tarehe ya kuanza mzunguko, siku alizochukua, siku zilizobaki, sahihi yake. Na pale karatasi hiyo isipokuwepo, amri itolewe siku hiyo, wafanyakazi wakiwa bado kazini.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Wasaidizi wa kisheria wa masuala ya kazi