Yaani umepita Athens ukanyamaza

Hemedi ndugu yangu,

Asalaam aleikum. Huku wote wazima, mama mkubwa presha imeshuka, mvua imekata tena njia ya kwetu na lile suala la kiwanja bado lipo palepale, nitakuelezea siku nyingine maana leo sina akili ya kiwanja. Leo nina ugomvi na wewe.

Ile voisi yako ya juzi, ya dakika nne (tatu ni upepo wa dirisha la gari), katikati pale umesema umepeleka mzigo mji unaitwa Athens, ukasema kumbe Ugiriki imehamia Georgia, ukajichekea mwenyewe, halafu ukaendelea na malalamiko ya bei ya mafuta. Nimeirudia hiyo voisi mara tatu kuhakikisha nimesikia vizuri. Athens, Georgia! Hemedi! Unajua ulikuwa umekanyaga wapi wewe? Kwao na R.E.M., ile bendi ya kanda ya bro Shabani. Ile yenye majani. Umeshusha maboksi yako, umesainisha karatasi, umegeuza gari umeondoka, kama mtu aliyefika Maka akarudi anasema kuna joto.

Basi tangu siku hiyo sijalala vizuri. Nimeitafuta ile albamu kwenye simu, nimeisikiliza yote, nyimbo 12, nikarudia, mke wangu akaniuliza kama kuna mtu kafa. Inaitwa Murmur, hilo hata jina hatukuwahi kulijua kwa sababu Shabani alikuwa kashaichana karatasi ya mgongoni na maandishi ya mbele akafungia sigara. R.E.M., ilitoka Aprili 1983, ndiyo albamu yao ya kwanza kabisa. Na sisi tunaipata Tanga kwenye mwaka 96 hivi kutoka mfukoni mwa baharia tukadhani tumevumbua bendi mpya! Kumbe jamaa wakati huo wanajaza viwanja vya mpira. Na kibaya zaidi ule wimbo wa Losing My Religion uliokuwa unapigwa redioni kila saa, unakumbuka wewe mwenyewe ulikuwa unaupenda, ni wao haohao, ila hatukuwatambua, ungewatambuaje wakati kwenye ule mwimbaji anasikika anachosema?

Hapo ndipo ninapotaka kufika. Maneno.

Unakumbuka lile daftari la Sayansi Kimu tulilokuwa tunaandika maneno ya nyimbo? Mimi naandika, wewe unarudisha kanda kwa peni ya Bic ili tusimalize betri. Ukurasa mzima tumeandika vitu ambavyo havipo duniani. Wewe ukasema hii ni Kihispania. Mimi nikaamini ni Kiingereza changu ndiyo kibovu, na ile imani nimetembea nayo karibu miaka 30, Hemedi, hata kwenye usaili wa kazi ile ya bandarini nilikuwa najiambia wewe hata nyimbo huzielewi utaongea nini na hawa watu. Tukampelekea mwalimu wa Kiingereza, akasikiliza mara tatu kichwa kaegemeza kwenye redio, halafu akatuambia kwa uhakika wote, "hawa ni Waskochi". Tukaridhika.

Sasa nasoma soma huku nagundua kwamba Wamarekani wenyewe hawakuwa wanamsikia! Wazungu kabisa, Kiingereza cha mama yao, walikaa na hiyo santuri mwaka 1983 wanabishana kasema nini hapa. Mwimbaji wao, Michael Stipe, alikuwa anamung'unya kwa makusudi, na maprodyuza wakaiacha sauti yake chini, katikati ya magita, si juu yake kama kawaida. Yaani anaimba kama mtu anayeongea chumba cha pili na wewe umelala. Na kava haikuwa na karatasi ya maneno kwa hiyo hata ungeinunua mpya usingesaidika. Nilipolisoma hilo nilisimama nikatoka nje nikapigwa upepo kidogo. Miaka 30 nimejidharau bure.

Halafu kingine. Unakumbuka tulivyokuwa tunasema kanda imechakaa ndiyo maana inasikika kama ina ukungu? Tukasafisha kichwa cha redio kwa spiriti na pamba mpaka mama yako akauliza spiriti yake ya jiko inaenda wapi. Nimeisikiliza juzi kwa hedifoni nzuri za mwanangu, safi, hakuna kanda hakuna vumbi, na ukungu upo vilevile! Ndivyo walivyoitengeneza. Tulimlaumu Panasonic hana kosa.

Ngoja nikupe stori ya studio maana nimeipenda. Kampuni yao ya santuri, I.R.S., mwanzo iliwapeleka kwa prodyuza mwingine, Stephen Hague, huyu baadaye akaja kufanya makubwa na bendi ya Pet Shop Boys, si mtu wa mchezo. Lakini yeye alitaka kila kitu kinyooke, akamuwekea mpiga ngoma mdundo wa mashine masikioni aufuate, wimbo mmoja, Catapult, ukarudiwa na kurudiwa mpaka Bill Berry akachoka roho, halafu jamaa akaenda zake kuongeza vinanda vya umeme juu yake. Wakakataa. Wakaomba warudi kwa yule waliyerekodi naye mwanzo, Mitch Easter, akaja na mwenzake Don Dixon, wakaambiwa haya fanyeni wimbo mmoja wa kujaribu kwanza tuwaone. Wakafanya Pilgrimage, wakapita. Wakaenda studio moja ipo Charlotte, North Carolina, miezi ya mwanzo ya 83, na huko hakuna vinanda vya umeme, hakuna gita la solo la kulia machozi lililokuwa fasheni wakati ule, Stipe wakamwacha aimbe peke yake gizani kwenye ngazi, nje ya chumba, ili asitazamwe. Ndiyo maana sauti iko vile! Mtu yuko kwenye ngazi!

Na ule mngurumo kwenye We Walk ambao wewe ulisema ni radi na mimi nikasema ni lori, wote tumekosa. Ni mipira ya biliadi, walirekodi watu wanacheza halafu wakaipunguza spidi. Kwa hiyo ile soda uliyonidai nirudishie.

Gita sasa. Nimelifikiria sana hili maana wewe ulikuwa husemi kitu kuhusu gita, wewe na besi tu (na ulikuwa sahihi, besi ya Mike Mills kwenye albamu ile haiendi nyuma ya wimbo, inaimba wimbo wake yenyewe). Peter Buck hapigi gita kwa fujo. Anachambua nyuzi moja moja, safi, inalialia, haikatiki, kama mtu anayepekua mchele. Na hilo ndilo lililotushika, mi naamini kabisa, kwa sababu masikio yetu yalikuwa tayari. Baba Shabani alikuwa anatupigia Atomic Jazz na Jamhuri Jazz mchana kutwa pale barazani, halafu jioni Wakongo, gita juu ya gita, hakuna kelele, kila nyuzi unaisikia. Sisemi Buck aliwahi kusikia Atomic Jazz, hapana, yeye ana mambo yake ya bendi ya Byrds huko na lile gita la Rickenbacker. Nasema tu mtoto wa Ngamiani ukimpa hiyo kanda haoni ugeni.

Na Lingala, Hemedi! Si tumekua tunaimba Lingala mwanzo mpaka mwisho hatujui neno? Harusini watu wazima wanalia kwa wimbo ambao huenda ni wa kusifia tajiri wa madini. Hatukuwahi kumpelekea mwalimu. Kwa nini cha Mzungu ndiyo tulidai tuelewe? Hapo Clarkston si una majirani Wakongo kibao, yule mama wa ghorofa ya chini anayekupikia sombe, hebu muulize siku moja ile ya Franco tuliyokuwa tunaimba njia ya shule inasemaje. Au usimuulize. Sijui. Mi juzi nilifungua maneno ya Perfect Circle kwenye simu, ule wenye piano mbili, moja kubwa na moja mbovu mbovu haiko sawa kabisa na mwenzake, nikasoma mistari miwili nikafunga. Bora ule wa kwenye daftari, ambao kuna mtu anaitwa Asha ndani yake.

Majani je? Ile picha ya kava tuliyosema ni makaburi ya majini. Linaitwa kudzu. Limetoka Japani, lilipelekwa Marekani mwaka 1876 kwenye maonyesho ya Philadelphia kama ua la kivuli, halafu miaka ya 1930 serikali yenyewe ikawa inahimiza wakulima wa kusini walipande kuzuia mmomonyoko. Basi likapanda kweli, likameza miti, nguzo, nyumba zilizohamwa, kama magugu maji ya Ziwa Victoria ila hili la nchi kavu. We si unaendesha barabara za huko kila siku, ukiona mti umejifunika kama mgonjwa wa homa kwenye blanketi ndiyo hilo. Waliweka hilo kwenye kava kwa sababu ndiyo kwao. Bendi nyingine zinaweka sura zao.

Na ikashinda! Jarida la Rolling Stone mwaka ule liliitangaza albamu ya mwaka, na mwaka ule kila mtu ana Thriller ya Michael Jackson, hata sisi Tanga kila nyumba yenye redio ina Thriller. Kwenye chati ilifika namba 36 tu. Wakaitwa kwenye TV ya Marekani, kipindi cha Letterman, mtangazaji anawahoji, Stipe kakaa chini kwenye jukwaa la ngoma hataki kuongea. Nikimsimulia Shabani hiyo atafurahi.

Haya, Shabani. Nimempitia sikukuu iliyopita, magoti yamekataa, anashinda barazani na redio yake ya mkononi. Kabla hata ya kuniuliza watoto akaniuliza, "Mwenzako kanda yangu ataleta lini?" Hemedi, mzee hajasahau. Wewe ndiye uliyeiweka kwenye ile redio ya shangazi yako iliyokuwa inakula kanda, nilikwambia usiweke, ukaiweka, na mkanda wote ukatoka kama utumbo wa kuku. Ukasema utalipa. Hilo ni deni, na Mungu kakutoa Tanga kakupeleka mpaka mwendo wa kilomita 100 hivi kutoka palipozaliwa hiyo kanda, na bado unaongelea mafuta.

Kwa hiyo ombi langu. Katikati ya mji pale Athens kuna duka la santuri linaitwa Wuxtry. Buck alikuwa anauza hapo, Stipe alikuwa mwanafunzi wa sanaa chuo kikuu cha pale anakuja kununua, ndipo walipojuana. Ingia uulize Murmur. KASETI, si santuri, Shabani hana cha kuchezea santuri. Halafu mtaa wa Oconee kuna mnara wa kanisa umesimama peke yake, kanisa lenyewe lilibomolewa, ndipo walipopiga shoo yao ya kwanza, tarehe 5 Aprili 1980, bethidei ya rafiki yao, humohumo kanisani wengine walikuwa wamepanga wanaishi. Piga picha. Na daraja la reli la mbao lile la nyuma ya kava (lile alilofungia sigara!), ukikuta wamelibadilisha piga hivyohivyo. Mwanangu nilipomuwekea hii albamu alisema ni wazee wenye mafua, kwa hiyo sina mwingine wa kumuomba.

Sasa nijibu, usinitumie voisi ya upepo, andika. Utapita tena lini njia hiyo? Bosi anakuruhusu kusimama hata nusu saa? Lile daftari lilibaki kwako au kwa dada Mwanaidi? Ulivyokuwa unashusha mzigo hukuona hata mnara? Na ile besi uliyosema utanunua ukipata kazi ulinunua au ndiyo maneno? Hiyo redio ya shangazi bado ipo, maana nataka kuiona kwa macho yangu inatupwa?

Msalimie shemeji na watoto. Kiwanja tutaongea.

Ndugu yako,
Mbwana

NB: Ukiipata usimpe yule jamaa wa kontena, vitu vyangu vya mwaka juzi mpaka leo viko "njiani". Mpe mtu anayekuja na ndege, aiweke kwenye mkoba wa mkononi, na kabla hujaifunga uisikilize upande B wote kama haijaliwa.