Ugali ubaki, kipande kipungue

Tanga, Jumapili jioni

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Barua yako kuhusu kisukari chako cha aina ya pili imefika, nami naanza na lile la unga wa watu wa kisukari unaouziwa kwa bei ya kuumiza. Usiununue. Pesa hiyo nunulia stripu za mashine ya sukari, vile vibanzi vya kuwekea tone la damu. Unga wa nafaka yoyote, uwe wa dona, mtama, ulezi au huo wa paketi, ni wanga, na wanga ukishasagika tumboni unakuwa sukari. Dona ina pumba zake, kwa hiyo inashibisha mapema na kuchelewesha sukari kidogo, na mimi ningekuchagulia hiyo kuliko sembe. Lakini bonge kubwa la dona litakupandishia sukari vilevile.

Mambo yote yako kwenye kiasi. Igawe sahani yako: nusu mboga, yaani mchicha, tembele, bamia, kabichi au bilinganya, robo samaki, dagaa, kuku au mayai, robo iliyobaki ndiyo ya ugali au wali. Ugali uwe kipande cha ukubwa wa ngumi yako, au wali uliopikwa ujae kikombe kimoja cha chai. Hapo umepata gramu 40 hadi 45 hivi za wanga. Viazi vitamu, muhogo, magimbi na ndizi za kupika vyote vinaingia kwenye robo hiyohiyo. Wengi wanaharibikiwa hapa: mtu anapunguza ugali, kisha anajiwekea vipande vitatu vya muhogo wa nazi pembeni kana kwamba ni mboga. Maharage na mbaazi navyo vina wanga, ila sukari yake hupanda taratibu. Siku ya maharage mengi, ngumi ya ugali iwe nusu.

Najua kwenu mnakula sinia moja, na kwenye sinia hakuna anayehesabu matonge. Jipakulie sahani yako kwanza, kisha kaa nao palepale. Anza na mboga na samaki, wali uje mwisho. Mpangilio huo tu unapunguza kasi ya sukari kupanda baada ya mlo.

Umeuliza kwa nini asubuhi mashine inakusomea 8 na zaidi (mmol/L) wakati umekula mara ya mwisho saa 1 usiku. Ini lako ndilo linalomwaga sukari. Kila alfajiri mwili hutoa homoni za kukuamsha, ini likatoa akiba yake, na kwa kuwa insulini, homoni ya kushusha sukari, haisikilizwi vizuri mwilini, sukari hiyo inabaki kwenye damu. Ndiyo maana mlo wa asubuhi usijae wanga. Mbaazi zako za nazi usiziache, ila tui liwe jepesi, na maandazi yawe 1 badala ya 4. Chai isiwe na sukari kabisa. Fanya hesabu: vijiko 3 kwa kikombe, vikombe 4 kwa siku, ni vijiko 12 kabla hujagusa chakula. Tia iliki, mdalasini na tangawizi, ulimi utazoea. Asali nayo ni sukari, tena hata hiyo unayoletewa kutoka Handeni. Juisi ya nyumbani iache hata isipotiwa sukari, maana bilauri moja inameza machungwa matatu au manne. Kula chungwa 1 zima, au nusu ya embe la wastani.

Sasa hizo stripu. Osha mikono kwa sabuni na uikaushe vizuri, kwani kidole chenye maji ya embe kitakupa namba ya uongo ya kukutoa roho. Toboa ubavuni mwa ncha ya kidole, si katikati, maana ubavuni hapaumi sana. Pima kabla ya kula, kisha pima tena saa 2 zikitimia tangu tonge la kwanza. Watu wazima wengi huwekewa lengo la 4.4 hadi 7.2 kabla ya kula, na chini ya 10 baadaye. Kama daktari wako amekupa lako, fuata lake. Mashine ikionyesha namba kama 140 au 180, inatumia kipimo kingine (mg/dL): gawanya kwa 18. Usizitawanye stripu ovyo. Chagua mlo mmoja, tuseme wa mchana, uupime siku tatu na uandike daftarini ulikula nini na kiasi gani. Kisha badilisha kitu kimoja tu, upime tena. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja hutajua kilichokusaidia.

Baada ya mlo usilale. Tembea dakika 15, kwa mwendo wa kuweza kuzungumza lakini si kuimba. Misuli ya mapaja ikifanya kazi inavuta sukari kutoka kwenye damu hata insulini ikiwa dhaifu. Kwa wiki zitimie dakika 150, na usipitishe siku mbili mfululizo bila kutembea, kwa sababu faida yake haikai zaidi ya hapo. Mara mbili kwa wiki ongeza ya nguvu: keti na usimame kwenye kiti mara 10, pumzika, rudia hadi mizunguko mitatu; halafu sukuma ukuta vivyo hivyo. Kandambili usitembelee. Vaa kiatu cha kufunika, ukikung'ute kabla ya kukivaa, na usiku kagua nyayo na katikati ya vidole, maana ganzi huficha kidonda.

Dawa yako ya metformini usiache kwa sababu namba zimeshuka. Hilo ni la daktari, na kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi 2 hadi 3, kirudiwe baada ya miezi 3. Utafiti wa DiRECT wa Uingereza, matokeo yake yalitoka 2017, ulionyesha kuwa karibu nusu ya waliowekwa kwenye mpango maalumu wa kupunguza uzito, wote wakiwa hawajafikisha miaka 6 na ugonjwa, baada ya mwaka walikuwa bila dawa za kisukari na sukari yao iko chini ya kiwango cha kisukari. Nao walisimamiwa na wahudumu wa afya.

Mama mkwe wako anayemeza glibenklamidi, dawa nyingine ya kisukari, asikuige kabla hajaonana na daktari wake. Dawa hiyo inaweza kumshusha mno akipunguza chakula na kutembea. Akitetemeka na kutoka jasho la baridi, au mashine ikisoma chini ya 4, mpe vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji, pima tena baada ya dakika 15, rudia kama bado. Akizimia usimtie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali.

Niandikie namba za wiki ya kwanza pamoja na mlo wa kila namba, na zilizozidi usizifiche.

Wako,
Zuhura